Duara Jekundu la Mama Brashi

Watu wakisimulia kesi ya mkokoteni wanaanza na jaji na kumaliza na jaji, utadhani jaji ndiye aliyeshika kopo la rangi. Kopo nililishika mimi. Na magurudumu ya huo mkokoteni niliyafunga mimi, kwa mikono hii, kutoka kwenye baiskeli mbili zilizokuwa zimekata roho. Mkokoteni wa mtu mwingine ukipita unasikia kwii, kwii, kama panya kabanwa na mlango. Wa mpwa wangu ulikuwa unapita kimya kama paka aliyekula kitu cha watu. Nimelisema hili mapema ili tukifika mbele usije ukasema Mjomba anajisifu. Sijisifu, naeleza.

Ila habari yenyewe ni ya dada yangu. Ukimuuliza yeye atakwambia, "Nilipaka rangi, wakanifunga, nikatoka," kisha atataka kujua kama umeleta kazi au umekuja kumzibia mwanga. Ndiyo maana nimechukua kalamu mimi. Shule niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililisikiliza kwa dirishani, kwa hiyo ukikuta mahali nimepinda, nyoosha kimoyomoyo uendelee.

Dada ni mchora mabango. Jina la Brashi alipewa na watu wa soko, wakaliongezea umama alipomzaa Kijiti, na siku hizi hata ukimwita kwa jina la wazazi hageuki. Ukitembea mtaa wetu kuanzia kituo cha mafuta hadi lango la mahakama, kila unachokisoma kakiandika yeye. Kile kichwa kikubwa cha mwanamume anayecheka kwenye ukuta wa kinyozi ni chake. Kile kiatu kirefu kuliko mlango wa fundi viatu ni chake. Na ule ukuta wa ghala ulioandikwa USIKOJOE HAPA, TUNAKUONA, ambao watu wanakojoa huku wakigeukageuka, pia ni wake. Hatumii rula. Anarudi nyuma kidogo, anafumba jicho moja, anauambia ukuta, "Tulia," na ukuta unatulia. Anapaka kwa mkono wa kushoto, na akifikiri hukwaruza sikio la upande huohuo, kwa hiyo ukitaka kujua jana alikuwa na kazi ya rangi gani, mwangalie sikio.

Baba yake Kijiti alikwenda kutafuta maisha, nadhani bado yanamkwepa. Dada akabaki na mtoto wake mmoja na kibanda cha mabati kando ya uzio wa mahakama. Kibanda kilikuwa cha halmashauri ya mji. Alikikalia kwa sharti kwamba wakiwa na kazi ya rangi wamwite yeye na asikatae. Sharti hilo lilimfaa, maana tangu usichana wake alikuwa na kanuni moja tu maishani, kwamba kazi haikataliwi. Alipaka mistari ya kuvukia barabara, aliandika namba kwenye milango ya vyoo vya soko, na alipiga alama kwenye yadi.

Hiyo yadi ndiyo iliyoleta maneno yote. Ni uwanja wenye uzio wa waya nyuma ya ofisi za halmashauri, ambako vitu vinavyokamatwa barabarani hupelekwa kulala: meza za wachuuzi, mizani, baiskeli, mikokoteni. Sheria, kama nilivyokuja kuijua baadaye kwa lazima, inasema kitu chako kikiwa humo bado ni chako mpaka mahakama itoe amri. Amri ikitoka, ndipo kinapigwa alama ya serikali, duara jekundu lenye mstari katikati, kisha kinapigwa mnada.

Msimamizi wa yadi alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Tulimwita Bwana Kufuli, kwa sababu alining'iniza funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba akitembea suruali ilikuwa inashuka upande mmoja. Yeye alitaka kila kitu kipigwe duara siku kinapoingia, amri iwepo isiwepo. Mwenye kitu akija kudai, anaonyeshwa duara. "Hiki si chako tena. Huoni?" Wengi waliona, wakaondoka na midomo yao. Na aliyeyapiga hayo maduara alikuwa dada yangu. Alikata umbo la duara kwenye kipande cha bati kwa mkasi, na kila alipoitwa alikwenda na bati lake na kopo lake. Meza na mikokoteni ilikuwa imepinduliwa na kupangwa mistari, matumbo juu, naye anapita: bati, brashi, bati, brashi. Hakuuliza ni vya nani. Kitu kikipinduliwa hakina sura.

Sasa Kijiti. Mpwa wangu ni mwembamba, jina halikumwonea, lakini akishika mpini wa mkokoteni utashangaa nguvu inatoka wapi. (Inatoka upande wa mjomba.) Alikuwa anabebea watu magunia, vitanda, mapipa ya maji, hata bibi harusi aliyechelewa aliwahi kumfikisha. Kwenye ubao wa nyuma mama yake alimwandikia kwa rangi ya njano: HONI YAKO HAINIONGEZEI GURUDUMU. Madereva waliokwama nyuma yake walisoma. Wengine walicheka, wengine walizidisha honi.

Siku moja njia ya nyuma ya soko ilikuwa imechimbwa, mabomba yanatengenezwa. Kijiti akapita barabara kuu, ambako mikokoteni imekatazwa. Askari wa mji wakamkamata, mkokoteni ukapelekwa yadi. Akaenda kuudai, akaambiwa njoo kesho. Akaenda kesho yake, akaambiwa njoo kesho. Mtoto akagundua kwamba hiyo kesho haina mpango wa kufika. Mchana mmoja, jua linawaka, akakuta lango la yadi liko wazi, lori linashusha vitu. Akaingia, akauona mkokoteni wake umelala kifudifudi, akaugeuza, akaanza kuusukuma.

"Shikamoo, mzee," akamwambia mlinzi.

"Marahaba. Unaupeleka wapi huo?"

"Nyumbani."

"Angalia usikwaruze geti," mlinzi akasema, na geti akamfungulia zaidi.

Ungemwita huyo mwizi? Mimi nimeona wezi, wengine nimesoma nao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuamkia mlinzi. Lakini hakufika nyumbani. Alishtakiwa kwa wizi wa mali ya serikali, na wizi wa mali ya serikali kwa sheria ile ni miaka minane, haipungui, hata hakimu akitaka kukuhurumia sheria inamshika mkono. Miaka minane kwa kuiba mkokoteni wake mwenyewe!

Siku ya kesi mkokoteni uliingizwa ndani kama shahidi. Tulikaa benchi la mbele, mimi na dada, yeye bado ametulia kwa sababu aliamini jambo hili ni la kuelezana tu. Wakaupindua mbele ya hakimu. Tumboni kulikuwa na duara jekundu.

Nikaona mkono wa dada unakwenda sikioni. Akakwaruza. Kisha akasimama.

"Mheshimiwa, hiyo nimepiga mimi."

"Mama, kaa chini."

"Nimepiga mimi, nikapita kama napaka kuku! Hakukuwa na amri yoyote. Vitu vya yadi havikuwa na amri hata kimoja!"

"Kaa chini, mama. Shahidi wa upande wa utetezi hayupo kwenye orodha."

"Sikai."

Wakamtoa. Alikuwa amelishika benchi, na kwa kuwa hakuliachia, walimtoa pamoja na benchi, nami nikiwa juu yake. Hukumu tuliisikia tukiwa nje, kwa mdomo wa askari wa mlangoni ambaye hakupenda kuisema. Tukakimbilia mlango wa nyuma. Kijiti alikuwa ameshapandishwa kwenye karandinga, uso wake umebanwa na wavu wa dirisha.

"Mama, usilie."

"Nani analia? Ni harufu ya rangi," akasema dada, ambaye siku hiyo hakuwa na rangi hata kwenye sikio. "Kula wanachokupa. Usigombane na mtu. Nakuja kukutoa."

Gari likaondoka. Nikamwambia, "Dada, usimwahidi mtoto kitu usichokuwa nacho." Alinitazama kwa namna ambayo nilirudi nyuma mpaka nikakanyaga mguu wa mtu.

Rufaa ilipopata tarehe, Kijiti akapewa wakili wa bure, kijana mpole mwenye tai fupi kama ulimi. Alikuja kibandani, akakaa juu ya debe la chokaa, akachafuka suruali bila kujua.

"Mama, nitakueleza bila kukuficha," alisema. "Sheria inasema ile alama ni ushahidi tosha. Mtu mmoja tu anaweza kuikana, naye ni aliyeipiga."

"Huyu hapa."

"Subiri. Ukisimama ukasema ulipiga alama ya serikali bila amri, umekiri kosa. Hilo lina kifungo chake. Na huyo msimamizi ataapa kwamba wewe ni mama tu unayemtetea mwanao. Jaji akimwamini yeye, utaingia wewe na kijana asitoke."

Dada alikuwa anakoroga rangi kwa kijiti. Aliendelea kukoroga.

"Huyo Bwana Kufuli atakuja mwenyewe mahakamani?"

"Lazima aje."

"Atakuja na lile gari lake jeupe?"

Wakili akanitazama. Nikatazama juu. "Gari linahusiana nini na hii kesi, mama?"

"Mwanangu, wewe umesoma, usije ukafungwa nasi. Niombee tu ruhusa ya kusema mbele ya jaji. Mengine usiyajue."

Wiki hiyohiyo Bwana Kufuli mwenyewe akaja, funguo zinalia, akasimama mlangoni mwa kibanda.

"Mama Brashi, wewe ni mtu wetu wa siku nyingi."

"Nilikuwa."

"Kaa kimya kwenye hili jambo. Nina watu. Kijana atapangiwa kazi nyepesi huko ndani, jikoni jikoni. Ukileta maneno, kibanda hiki ni cha halmashauri, unajua."

"Najua. Na uzio ni wa mahakama, na jua ni la Mungu. Changu ni brashi tu. Sasa sogea, unaniwekea kivuli kwenye herufi."

Akaondoka. Nikamwambia dada kwamba labda tungelifikiria lile la jikoni.  Alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akauambia ubao, "Tulia," na nadhani aliniambia mimi.

Asubuhi ya rufaa alinikuta kwenye kazi yangu, nimezungukwa na matairi.

"Mdogo wangu, una kazi leo?"

"Nina baiskeli zimenisubiri tangu juzi."

"Zimeshazoea kusubiri. Shika kopo."

Nikaona lile bati lenye duara limetoka kwenye sanduku lake. Sasa mimi si mwoga, mtaa mzima unajua. Mimi ni mtu wa kufikiri tu, na asubuhi hiyo nilikuwa nafikiri kwa kasi sana kuelekea nyumbani. Lakini kopo lilikuwa limeshafika mkononi, na dada ameshatangulia.

Tulianzia kwa kinyozi. Dada akamweleza anachotaka, akageuza kile kiti cha kuzunguka, akaweka bati nyuma ya mgongo wa kiti.

"Mama Brashi, hii si ni kosa?" kinyozi akauliza, wembe mkononi, mteja amebaki na povu upande mmoja wa kidevu.

"Ni kosa langu. Wakikuuliza, sema ulikikuta kimepigwa."

Kinyozi akafikiri. Meza yake ya kwanza, ile aliyoanzia kazi, ililala yadi hadi ikauzwa. "Sitasema hivyo," akasema. "Nitasema nilikuomba. Piga. Na kioo pia piga. Na wewe," akamwambia mteja, "usinyanyuke, utapigwa na wewe."

Bati, brashi. Tukaenda kwa fundi viatu, akaleta mwenyewe chuma chake cha kugongea. Mama wa mapipa ya maji akayapanga mapipa kabla hatujamfikia, anapiga kelele, "Kubwa kubwa, yaonekane!" Mshona mashuka akatoa cherehani. Kila aliyepigiwa alama aliambiwa lile neno, ni kosa langu, na kila mmoja alilikataa. Tulipofika mwisho wa mtaa nyuma yetu kulikuwa na msafara wa watu wamebeba viti, cherehani, mizani na mapipa, kila kitu na duara lake jekundu, wakavipanga nje ya uzio wa mahakama, chini ya madirisha.

Ndipo lile gari jeupe likafika. Bwana Kufuli akashuka, akaivuta suruali, akaingia ndani bila kutazama vitu vya watu, maana hata siku zote hakuvitazama. Gari akaliacha uwanjani kwa mzee wa kulinda magari.

"Mzee yule ni wako," dada akaniambia.

Basi nikaenda kwa yule mzee. Nikampa historia ya magurudumu ya mkokoteni, tangu spoku ya kwanza. Nilimweleza habari ya uzani, na ya mpira wa ndani, na jinsi gurudumu la kuume lilivyonisumbua. Aliomba kukaa. Kisha akaomba nimalizie siku nyingine. Nilipogeuka dada alikuwa ameshamaliza, duara limekaa katikati ya mlango wa dereva kama limezaliwa pale, naye amefumba jicho moja.

"Limetulia," akasema, na tukaingia.

Jaji alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imeshuka puani, sura ya mtu asiyependa kupotezewa muda. Kijiti alikuwa kizimbani, amekonda mahali ambapo nilidhani hapana nafasi ya kukonda tena. Wakili wa serikali akasema lake, nalo lilikuwa fupi: alama ipo, kwa hiyo mali ni ya serikali, kwa hiyo wizi upo. Bwana Kufuli akaapa kwamba alama hupigwa kwa utaratibu. Kisha wakili wetu akaomba aliyepiga alama asikilizwe. Jaji akamtazama dada.

"Unajua unaweza kujiingiza matatizoni kwa maneno yako mwenyewe?"

"Nimeambiwa, Mheshimiwa."

"Na bado?"

"Na bado. Ile alama niliipiga mimi, siku mkokoteni ulipoingia yadi. Amri haikuwepo. Huyu bwana ndiye aliyekuwa akiniita. Niliupiga bila kuugeuza. Ningeugeuza ningeona maandishi yangu mwenyewe, nikajua ni wa mwanangu."

"Anamtetea mtoto wake!" Bwana Kufuli akasema. "Mheshimiwa, alama ni alama. Ikishapigwa, kitu ni cha serikali, hakuna mjadala."

"Kila chenye duara?" dada akamuuliza.

"Kila chenye duara!"

"Basi Mheshimiwa, naomba utazame dirishani, kuna mali yako nyingi nje."

Mahakama nzima ikainuka. Jaji hakukimbia, alitembea, akavuta pazia. Chini, kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti chake chenye duara, amekunja nne. Mama wa mapipa akapunga mkono. Na Bwana Kufuli, ambaye alikuwa amesogea dirisha la pili kutazama naye, hakutazama viti wala mapipa. Alitazama uwanjani.

"Gari langu!"

Akagonga kioo cha dirisha.

"Gari langu! Nani kachafua gari langu?"

"Lina duara," dada akasema taratibu. "Si lako tena. Huoni?"

"Duara kitu gani! Ile ni rangi tu! Rangi tu, mwanamke wewe, haifanyi gari langu kuwa la..."

Akanyamaza. Lakini alikuwa ameshachelewa, kama mtu aliyefunga mlango akiwa amesahau funguo ndani, na huyo ni mtu wa funguo. Jaji alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akarekebisha miwani.

"Karani, umeandika alichosema shahidi?"

"Nimeandika, Mheshimiwa."

"Msimamizi, amri ya mahakama juu ya mkokoteni huu iko wapi?"

Bwana Kufuli akashika funguo zake, akazipapasa moja moja, kana kwamba mojawapo ingefungua mahali pa kutokea. Amri hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo.

Siku hiyohiyo jaji alifuta kifungo. Alisema kwa lugha yao ndefu, lakini nilichokisikia mimi ni kwamba mtu haibi kilicho chake, na kwamba rangi haihamishi mali. Watu wakapiga makofi, akawanyamazisha. Kisha akasema la pili, na hilo alilisema bila kuinua macho: huyu mama amekiri mbele yangu kupiga alama ya serikali bila amri, yadini, na leo tena barabarani. Siwezi kujifanya sikusikia. Apelekwe ashtakiwe kwa utaratibu.

Walikutana mlangoni, dada anaingizwa chini ya ulinzi, Kijiti anatoka, pingu ndiyo kwanza zinafunguliwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepaka rangi."

"Mama!"

"Mkokoteni wako uko ndani mle. Kauchukue kabla hawajaupindua tena. Na mwambie mjomba wako aache kulia, ananiaibisha."

Mimi nilikuwa na vumbi jichoni. Mahakama zile hazifagiliwi.

Kesi yake ilikuwa fupi. Hakimu, yuleyule aliyemtoa na benchi, alimwambia kwamba akiomba msamaha na kueleza majuto yake, sheria inamruhusu kumwachia kwa onyo. Wakili wa tai fupi akamnong'oneza, "Mama, sema tu unajuta. Neno moja."

"Unajuta?" hakimu akauliza.

"Najuta. Yale ya yadini nayajutia yote, kila moja, ningeweza ningeyalamba. Haya ya barabarani hapana. Haya niliyapiga vizuri."

Akafungwa mwaka mmoja. Halmashauri haikungoja hata jua lizame kukivunja kibanda. Mabati yalichukuliwa, makopo yakamwagwa mtaroni, na maji ya mtaro yakapita mtaani mistari ya njano na bluu kana kwamba yeye ndiye aliyeyachora. Brashi niliziokota mimi, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikazifungia kwenye sanduku langu la spana. Bwana Kufuli alihamishwa, sijui wapi, na gari lake lilipakwa upya mlango mmoja, ambao mpaka leo hauendani na mwingine. Yadini watu walikwenda na kutaja vitu vyao, na wengi walivikuta.

Nilimtembelea dada kila waliporuhusu. Mkuu wa gereza alikuwa amesikia sifa zake, akamtaka aandike namba za vyumba na mabango ya ukutani, apate sabuni ya ziada na kitanda cha chini.

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikasema brashi yangu iko likizo."

"Dada! Wewe si ulisema kazi haikataliwi?"

"Nilisema zamani, nikiwa mjinga." Akakwaruza sikio, safi kabisa halina rangi yoyote, na hilo lilinichoma kuliko zile nguo za gereza. "Siku hizi nauliza kwanza ni kazi ya nini."

Sijui kama alilala kwenye kitanda cha juu au sakafuni. Hakuwahi kusema, na ninyi msimuulize.

Siku aliyotoka, tulimngoja langoni mimi na Kijiti, na mkokoteni. Alitoka na mfuko mdogo wa plastiki, akatutazama, akautazama mkokoteni kabla ya kutusalimia, kwa sababu ndivyo alivyo. Akainama akachungulia tumboni mwake. Duara lilikuwa bado lipo, limekwaruzika kidogo.

"Hukulifuta?" akamuuliza mwanawe.

"Nilisema nikungoje wewe."

"Usilifute." Akasimama wima, mgongo ukalia. "Haya, kituo cha basi kiko wapi?"

"Panda," Kijiti akasema.

"Mimi ni gunia?"

"Panda, Mama. Nimeshabeba bibi harusi, sitashindwa na wewe."

Nilimpa kofia yangu akakalia. Kijiti akashika mpini, mimi nikatembea ubavuni kama askari wa mfalme, na tulipofika pale njia inapogawanyika, yule mtoto hakwenda njia ya nyuma ya soko. Akakunja barabara kuu. Nikamwita jina lake kwa ukali. Hakugeuka. Dada alijiweka sawa tu na kuufuta uso kwa ncha ya kanga.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kutuona, akatoka na kitambaa cha mteja begani. Kisha fundi viatu. Mama wa mapipa akaanza kupiga vigelegele, na kiti chenye duara kilikuwa kipo pale pale dukani, kinyozi alikataa kukipaka upya hata halmashauri ilipomtuma mtu. Mbele yetu, katikati ya barabara, askari wa mji akasimama na filimbi mdomoni.

"Mikokoteni hairuhusiwi hapa."

"Najua," dada akasema kutoka juu. "Ndiyo maana tumekuja nao."

"Mama, nitalazimika kuupeleka yadi."

"Peleka. Upeleke na mimi nikiwa juu. Lakini mtafute mtu wa kuupiga duara, maana mimi sipigi tena."

Askari akautazama mkokoteni, akamtazama Kijiti, akatazama watu waliokuwa wanatoka madukani, wengine bado na zana zao mikononi. Filimbi ikashuka taratibu mpaka ikaning'inia kwenye kamba yake. Akageukia upande wa pili, akaanza kuongoza magari ambayo hayakuwa na shida yoyote ya kuongozwa.

Nyuma yetu foleni ilikuwa imejaa. Dereva mmoja akapiga honi, ndefu. Dada hakugeuka. Alinyoosha mkono wa kushoto nyuma, akagonga kile kibao chake cha njano kwa kidole, mara moja, dereva asome.

Tukaenda hivyo mpaka nyumbani kwangu, katikati ya barabara, na magurudumu, naomba mlikumbuke hili, hayakulia hata mara moja.